Kijana Alikuwa Stendi ya Kange

Meseji ya kumi na tisa ndiyo iliyonikata miguu. Nilikuwa nimesimama bandarini Mallaig, magharibi ya Uskoti, mkono mmoja nimeshika mtungi mdogo wa gesi, mwingine mfuko wa maziwa, na simu inalia mfululizo kwa sababu ilikuwa imekaa zaidi ya siku nzima bila mtandao. Za mwanzo niliziruka: kundi la familia, kundi la upatu, salamu za Ijumaa. Ya kumi na tisa ilitoka kwa mteja wangu wa Buguruni, Dar es Salaam, mzee anayeuza nondo, saruji na mabati: "Binti yangu, kijana ameshafika Tanga na boksi la risiti. Yupo stendi ya Kange tangu saa nane. Simu yako haipatikani. Mwelekeze nyumbani."

Mallaig ilikuwa saa tisa alasiri. Tanga ilikuwa saa kumi na moja, jua linaanza kushuka.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, tarehe 28 Juni 2025. Ritani ya mwaka ya Mzee, ya hesabu zilizofungwa Desemba 2024, ilitakiwa ifike mamlaka ya mapato kabla ya Jumatatu tarehe 30 kuisha. Na mimi, mhasibu wake, nilikuwa nimemwambia kwamba niko Tanga.

Nimeombwa mara kadhaa na wenzangu wa kazi nisimulie jinsi nilivyovuka siku zile, na kila mara nimesimulia mvua na wadudu, nikaacha uongo. Leo nausema wote.

Mama yetu alifariki Tanga alfajiri ya tarehe 29 Juni 2024. Akazikwa siku hiyohiyo baada ya sala ya adhuhuri, maana kwetu maiti haicheleweshwi. Dada yangu ni muuguzi Glasgow na asubuhi ile alikuwa zamu, simu yake imefungiwa kabatini kama kazi yao inavyotaka. Alipoifungua, mama alikuwa ameshafukiwa. Niliyepokea simu yake ni mimi, na neno nililomwambia bado linaniuma: "Dada, wanaume wamesharudi makaburini."

Mwaka mzima dada hakulia nami. Alituma fedha za arobaini, akatuma za hitima, akauliza kama zimetosha, akakata simu. Mwezi wa Februari ndipo alipopiga na sauti nyingine. Alikuwa amejinyima, amenunua tiketi yangu. Akasema mwaka wa mama unafika, yeye hapati ruhusa ya kuja nyumbani, basi mimi nije, tupakie hema na watoto ndani ya gari, twende mahali penye maji na pasipo na watu, tumsomee mama sisi wawili. Sikuwa na jibu jingine isipokuwa ndiyo.

Ila mwezi wa Juni mhasibu wa Tanzania hafungi safari. Kampuni ambayo mwaka wake wa hesabu unaishia Desemba hupewa miezi sita kuwasilisha ritani, na miezi hiyo inakwisha tarehe 30 Juni. Siku hiyohiyo ndiyo mwisho wa kulipa awamu ya pili ya kodi ya makadirio. Nina wateja sita, wote biashara ndogo, na kwao mimi ndiye idara nzima ya fedha. Nilikesha wiki tatu. Hadi napanda ndege tarehe 23 nilikuwa nimefunga hesabu za watano. Akabaki Mzee, ambaye risiti zake za manunuzi ya Oktoba hadi Desemba zilipotea duka lilipohama jengo. Alikuwa anazitafuta. Nikajiambia zikipatikana nitazimalizia hukohuko, kazi yenyewe ni kompyuta na mtandao tu.

Sheria haikuwa inanitisha. Nilisoma masharti kabla ya kuomba viza: tangu tarehe 31 Januari 2024 Uingereza inamruhusu mgeni kuendelea na kazi yake ya nyumbani kwa njia ya mtandao, mradi kazi hiyo isiwe ndiyo iliyomleta. Mimi nililetwa na mama. Nilichokiogopa ni kauli za wateja. Miaka miwili nyuma nilikwenda harusini Mombasa katika wiki ya ritani, na kazi ilikamilika kwa wakati, lakini mteja mmoja alinihama kwa kusikia tu kwamba sipo mjini. Mteja mmoja kwangu ni ada ya shule ya mwanangu. Kwa hiyo Mzee alipouliza nitakuwa wapi wiki hiyo, nikajibu: "Nipo Tanga, Mzee wangu, kwenye mwaka wa mama." Nikajituliza kwamba nusu yake ni kweli. Niliichukua maiti ya mama yangu nikaifanya kisingizio, na wakati naitamka sikuhisi kitu.

Tuliondoka Glasgow Alhamisi asubuhi, tukapanda kaskazini kando ya ziwa Loch Lomond. Dada alinifundisha njiani. Uskoti ina sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita na kulala hemani kwenye sehemu kubwa ya ardhi isiyozungushiwa uzio, mradi mko wachache, msikae siku nyingi na msiache hata ganda la ndizi. Kandokando ya Loch Lomond kwenyewe watu walizidi, kwa hiyo tangu 2017 sehemu nyingi za pale zinahitaji kibali kuanzia Machi hadi Septemba. Tukapita bonde la Glencoe, milima imesimama pande zote mbili imevaa ukungu, na watoto wa dada wakaniuliza kwa Kiswahili chao chenye lafudhi ya Glasgow: "Mama mdogo, Kilimanjaro ni kubwa kuliko hii?" Usiku wa kwanza tulilala Glen Nevis, chini ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, mita 1,345. Niliwaambia Kibo ni mara nne yake na zaidi. Hawakuamini.

Hapo ndipo nilipokutana na usubi.

Nimekulia pwani, mbu hawanitishi. Usubi wa Uskoti ni kitu kingine. Ni wadogo kama punje ya pilipili manga iliyosagwa, na huja kwa maelfu hewa inapotulia, alfajiri na magharibi. Hawaambukizi ugonjwa, lakini wanaingia kwenye nywele, kwenye masikio, chini ya miwani, wanatembea juu ya kioo cha kompyuta wakifuata mwanga. Dada alinivalisha kofia yenye wavu. Siwezi kusoma tarakimu nyuma ya wavu, nane na tatu zinafanana. Nikafunga zipu ya hema, nikatundika khanga ya mama kwenye kamba ya ndani ili mwanga usitoke, nikajiingiza na kompyuta ndani ya mfuko wa kulalia, nikafanya kazi jasho linanitoka huku nje kuna baridi ya kuvaa sweta mbili. Mbele ya dada nilisema nimechoka na safari, nalala mapema. Saa nne usiku huko Juni bado kuna mwanga wa kuokotea sindano, na mimi nilikuwa najificha humo kama mwizi.

Usiku uleule Mzee aliandika kwamba risiti zimepatikana. Nikamjibu, "Alhamdulillahi, Mzee, nipigie picha." Sikusubiri jibu. Mzee ni mtu wa karatasi, hapendi picha za simu, nami nilijua hilo. Asubuhi tukang'oa hema, na kufikia adhuhuri ya Ijumaa tulikuwa kando ya Loch Morar, ziwa la maji baridi lenye kina cha mita 310, hakuna linalolizidi kina katika visiwa vyote vya Uingereza. Dada alilichagua kwa utulivu wake. Simu zetu hazikushika hata kijistari kimoja. Yeye aliweka yake begini akashukuru. Mimi nilipanda kilima nyuma ya hema mara tatu, mara ya tatu kwenye mvua, kompyuta nimeifunga kwenye mfuko wa taka, nikarudi nimelowa hadi mifupani bila kupata kitu. Ile paneli ndogo ya sola niliyoinunua Kariakoo kwa ajili ya kuchajia haikuingiza chochote, maana jua lenyewe halikuonekana. Usiku nilikaa tena chini ya mfuko, napanga hesabu zisizo na risiti, mpaka kompyuta ikabaki na asilimia 11.

Kesho yake gesi na maziwa viliisha, tukaenda Mallaig. Na huko, meseji ya kumi na tisa.

Nataka nieleze dakika iliyofuata kama ilivyokuwa. Neno la kwanza nililoandika lilikuwa uongo mwingine. "Mzee wangu, nimepanda Lushoto mara moja kumwona shangazi…" Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Kilichonizuia si uchaji Mungu. Nilimwona yule kijana. Ana miaka kumi na tisa, amekuja mjini kutoka Singida, huwa ananiletea kiti na maji ya kunywa kila ninapokwenda dukani kukagua bidhaa. Tanga hana mtu. Amekaa juu ya boksi tangu saa nane, na giza litamkuta hapo akisubiri mtu ambaye hayupo bara lile.

Nikafuta. Nikapiga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwanangu uko wapi? Kijana anasubiri."

"Mzee, sipo Tanga. Nipo Uskoti, kwa dada yangu. Nilikudanganya."

Nyuma yake nilisikia mtu anakata nondo, msumeno ukaanza, ukanyamaza.

"Uskoti ndiyo wapi?"

"Uingereza, Mzee. Kaskazini kabisa."

"Na mama?"

"Mama ni kesho. Tunamsomea huku, mimi na dada."

Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, pole pole, bila ukali, na bora angenitukana: "Ungesema. Ungesema uko Uingereza, kijana huyuhuyu angekaa hapa dukani akapiga picha moja moja. Mimi ndiye nisiyeziweza, yeye anaziweza. Umenifanya nimpeleke mtoto wa watu Tanga." Halafu: "Haya. Kwanza kijana ale."

Nikampigia kaka yetu mkubwa anayeishi Ngamiani, hukohuko Tanga. Hakuuliza maswali, alichukua bodaboda hadi Kange akamkuta kijana amelikumbatia boksi. Saa moja na nusu ya Tanga walinitumia picha, wako mkekani na sinia la wali na samaki mbele yao. Niliitazama ile picha nikakaa chini palepale bandarini, kwenye jiwe la kufungia mashua, watu wanapita na samaki wao.

Dada alikuwa amesikia yote kupitia dirisha la gari. Hakusema neno mpaka tuliporudi ziwani na watoto wameondoka kwenda kurusha mawe majini.

"Mama nilimkosa nikiwa mbali," akasema. "Wewe nakukosa umo ndani ya hema langu."

Nilianza kujitetea kwa ada, kwa wateja, kwa tarehe 30. Akaninyamazisha kwa mkono. "Juzi na jana usiku nilikuona unaficha mwanga chini ya mfuko. Nilijua unamlilia mama. Nikasema, mwache alie, mimi nilishindwa. Kumbe ulikuwa unapiga mahesabu."

Sikuwa na la kusema. Nimewahi kufiwa, nimewahi kufukuzwa kazi, lakini sijawahi kujiona mtupu kama jioni ile.

Aliyetafuta njia ni yeye. Wauguzi wanajua kugawa zamu. Akasema: Dar es Salaam iko mbele yetu kwa saa mbili. Saa kumi na nusu alfajiri ya hapa kumekucha, na huko ni saa kumi na mbili na nusu, maduka hayajafunguliwa. Basi alfajiri ni yako. Amka, sali, fanya kazi hadharani, mimi nitakuletea chai. Saa tatu asubuhi unafunga, hata kama imebaki mistari miwili. Kuanzia hapo ni yangu na mama. Jioni ileile tuling'oa hema, tukahamia kambi yenye maji na umeme karibu na Arisaig, ufukweni, visiwa vya Eigg na Rum vinaonekana mbele. Mchanga wa huko ni mweupe kama wa Pangani. Maji yake yanauma vidole.

Jumapili saa kumi na nusu alfajiri nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye chumba cha kufulia nguo cha kambi, mgongo nimeuegemeza kwenye mashine ya kukaushia. Pale palikuwa na soketi, mtandao, paa, na mlango unaofungika usubi wasiingie. Dada alileta chai ya tangawizi kwenye chupa na mkate, akaniwekea khanga ya mama magotini kwa ajili ya baridi. Ngamiani, kaka na kijana walikuwa wametandaza risiti mkekani. Zilikuwa 214.

Aliyewahi kushika risiti za mashine za kodi anajua tatizo lake. Karatasi yake haiandikwi kwa wino, huchorwa kwa joto, na ikikaa muda mrefu kwenye joto maandishi hufifia. Hizi zilikaa miezi sita chini ya paa la mabati Buguruni. Nyingi za Oktoba zilikuwa nyeupe kabisa ukizitazama moja kwa moja. Kijana ndiye aliyegundua kwamba ukiiinamisha karatasi dirishani, mwanga ukaipiga kwa ubavu, tarakimu zinajitokeza kama michirizi ya konokono. Akawa anainamisha, kaka anapiga picha, kijana anasoma kwa sauti, nami naandika: tarehe, namba ya muuzaji, kiasi, kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18. Pale tarakimu ya mwisho ilipokuwa na utata nilirudisha hesabu kwa hiyo asilimia 18, na iliyokataa kulingana nikaiweka kando. Tuliendelea hivyo saa nne na nusu. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, na sababu naijua: kila aliyekuwa kwenye simu alijua mimi niko wapi.

Saa tatu ilipogonga zilikuwa zimebaki risiti 61. Mikono ilitaka kuendelea. Nikafunga kompyuta, nikaitoa kwenye soketi, nikamkabidhi dada simu.

Siku ile ilikuwa ya mama. Tulirudi Loch Morar, tukakaa juu ya mwamba uliopasuka katikati, dada akasoma Yasini kwa sauti ndogo, mimi nikaitikia dua. Alipomaliza akaanza kuniuliza aliyoshindwa kuyauliza kwa mwaka mzima. Mama alikula nini mara ya mwisho? Uji wa mchele, vijiko vitatu. Alimtaja nani? Alikutaja wewe, akauliza kama huko kuna baridi. Nani alimfumba macho? Mimi. Hapo ndipo dada alipolia, na mimi nikalia naye, watoto wakaja wakatukumbatia miguu bila kujua waseme nini. Mchana tulisonga ugali wa sembe kwenye jiko la gesi, sufuria imeshikwa na watu wawili isipinduke, mwiko ni ule wa mama niliokuja nao kutoka Tanga. Tukala na samaki wa Mallaig.

Jumatatu ilikuja na mvua na upepo, na upepo ukivuma usubi hawaruki, kwa hiyo hata mlango niliuacha wazi. Risiti 61 ziliisha kabla ya saa moja asubuhi. Kikabaki kikwazo kimoja: barua pepe yangu iliona naingia kutoka nchi ngeni, ikatuma tarakimu za uthibitisho kwenye laini yangu ya Tanzania, laini ambayo sikuifungulia huduma ya nje kabla ya kuondoka. Ndiyo maana hata Mzee hakuwa akinipata. Nikampigia mkaguzi anayesaini hesabu zake, nikamwambia niko wapi na kwa nini sina barua pepe, nikaona safari hii ulimi hauna uzito. Akasema nitume kwa WhatsApp. Saa tatu na dakika kumi ya Dar hesabu zilikuwa mezani kwake. Saa nane mchana ritani ilikuwa imewasilishwa. Saa tisa Mzee alilipa, akanitumia picha ya stakabadhi, ya kwanza aliyowahi kuipiga kwa simu yake mwenyewe, nusu yake kidole gumba.

Nilirudi Dar es Salaam katikati ya Julai. Sikupumzika, nilikwenda Buguruni kesho yake. Mzee alinipokea, akanipa soda, akaniuliza kama dada amepoa moyo. Nikamwomba radhi uso kwa uso, akasema yameisha. Kisha akaniambia sasa niende nyuma, maana deni kubwa liko huko.

Kijana alikuwa anapanga mabati. Nilimpa nauli ya Tanga kwenda na kurudi na posho ya siku mbili, akapokea kwa mikono miwili. Nikamwambia nilimdanganya bosi wake na yeye ndiye aliyelipa. Akatazama chini, akasema, "Dada, nilidhani nimepotea mimi. Nilidhani nimeshuka stendi siyo."

Wateja wangu wote sita sasa wanajua ninaposafiri, ninakokwenda na saa ninazopatikana. Hakuna aliyenihama. Risiti za Mzee zinapigwa picha kila Ijumaa jioni, kabla hazijafifia, na anayezipiga ni yule kijana.